Nywele Zilizosukwa Nusu: Msichana wa Vitani ni Shahidi au ni Mwandishi?

Makala haya yamezaliwa na ubishi. Katika semina yetu moja ya fasihi linganishi tulikuwa tunajadili shajara ya Anne Frank, yule msichana wa Kiyahudi aliyejificha Amsterdam wakati Uholanzi inakaliwa na majeshi ya Ujerumani. Mwenzetu mmoja, tena hodari wa kusema, akasimama akatoa hukumu: kitabu hiki si fasihi, ni ushahidi. Akasema kazi ya fasihi ina mwandishi aliyekusudia, ina muundo, ina mtindo. Hapa tuna mtoto tu aliyekuwa anaandika yaliyompata siku hiyo, vita vikamkuta humo humo, basi. Mahali pake ni kwa wenzetu wa Historia. Watu wakapiga meza kukubali. Mimi sikupiga meza, lakini pia sikufungua mdomo. Nilinyamaza kwa sababu katika jambo hilo nilikuwa na deni langu mwenyewe, nalo nitalieleza huko mbele kama ndugu msomaji atanivumilia.

Nataka kujibu sasa, kwa maandishi, maana kwenye semina muda huisha kabla ya hoja. Hoja yangu ni moja. Msichana aliyekulia chini ya jeshi la kigeni tumezoea kumwita kama anavyoitwa shahidi mahakamani. Tunamuuliza aliona nini, tarehe ngapi, askari walikuwa wangapi. Akishajibu tunamshukuru, tunamwambia aende zake. Yale aliyoyachagua mwenyewe kuyasema, mambo ya nguo, ya nywele, ya kugombana na mama, tunayahesabu kuwa porojo. Nadai kwamba hayo tunayoyaita porojo ndimo ilimo sanaa yake, na kwamba mhakiki anayeyaruka hata vita vyenyewe havioni sawasawa.

Nitatumia vitabu viwili. Cha kwanza ni hiyo shajara ya Anne Frank, iliyochapishwa kwa Kiholanzi mwaka 1947, ambayo mimi, kama wengi wetu, nimeisoma katika tafsiri ya Kiingereza. Cha pili ni Tasting the Sky cha Ibtisam Barakat, Mpalestina, kilichotoka mwaka 2007. Jina hilo tunaweza kulifasiri Kuionja Mbingu. Najua kuna watakaoshtuka kuona majina haya mawili yamekaa benchi moja. Niseme mapema: sipimi mateso kwa mizani. Msichana mmoja aliuawa na mfumo uliodhamiria kuwamaliza watu wa kabila lake wote. Mwingine yu hai na anaandika. Hizo ni historia mbili, na kila moja ina uzito wake. Ninacholinganisha ni kazi ya kalamu.

Tuanze na dai kwamba Anne "aliandika tu". Historia ya maandishi yenyewe inalikataa. Anne Frank alizaliwa Frankfurt, Ujerumani, tarehe 12 Juni 1929. Hitler aliposhika madaraka wazazi wake wakahamia Uholanzi. Wajerumani wakawafuata huko huko mwezi Mei 1940. Siku alipotimiza miaka 13, mwaka 1942, alipewa daftari. Wiki chache baadaye, tarehe 6 Julai, familia ikaingia mafichoni katika sehemu ya nyuma ya jengo la ofisi ya baba yake, namba 263, mtaa wa Prinsengracht. Hatimaye walikuwa watu wanane humo ndani, mchana hawaruhusiwi kukanyaga kwa kishindo, mpaka walipokamatwa tarehe 4 Agosti 1944.

Sasa sikilizeni. Tarehe 28 Machi 1944, Gerrit Bolkestein, waziri wa elimu katika serikali ya Uholanzi iliyokuwa uhamishoni London, alisema redioni kwamba baada ya vita zitakusanywa barua na shajara za watu wa kawaida. Anne aliyasikia hayo. Mwezi Mei akaanza kuandika upya kitabu chake chote. Alichukua karatasi mojamoja, akajaza zaidi ya 200 katika muda wa kama wiki kumi hivi. Alifuta aliyoyaona hayafai. Aliongeza aliyoyaona yamepungua. Aliunganisha siku na siku. Alitunga orodha ya majina ya bandia kwa ajili ya watu wa nyumba ile. Mwanzoni alikuwa akiwaandikia marafiki kadhaa wa kubuni. Katika toleo la pili hao wengine anawaondoa, anabaki mmoja tu, Kitty, na barua zote zinakwenda kwake. Hata jina la kitabu alilichagua mwenyewe: Het Achterhuis, yaani Nyumba ya Nyuma.

Nawauliza wenzangu mliopiga meza: mtu anayefanya hayo anaitwaje? Sisi wenyewe tukileta mswada hapa chuoni tukaambiwa tufute, tuunganishe, tupunguze wahusika, tunajiita waandishi chipukizi. Yeye alifanya hivyo akiwa na miaka 14 kwenda 15, hana mhariri, hana maktaba, na akigundulika anakufa. Uamuzi wa kubaki na Kitty peke yake ni uamuzi wa fani. Barua kumi kwa watu kumi ni kelele. Barua zote kwa mtu mmoja zinajenga uhusiano, na msomaji anaingia taratibu kwenye kiti cha Kitty bila kujua ameketi saa ngapi.

Tutazame na taswira. Ndani ya maficho yale kuna ukuta ambao mpaka leo unaonyeshwa kwa wageni, maana nyumba imekuwa makumbusho. Kwenye ukuta huo baba alibandika ramani ya Normandy, nchini Ufaransa, baada ya majeshi ya washirika kutua huko mwezi Juni 1944, akawa anachomeka pini kila wanaposonga mbele. Ubavuni mwa ramani kuna mistari ya penseli. Hiyo ni mistari ya kupima urefu wa watoto, jinsi wanavyokua. Anne alirefuka zaidi ya sentimita 13 mle ndani. Ukuta mmoja, vipimo viwili: jeshi limefika wapi na mtoto amefika wapi. Mwanahistoria atasoma ramani. Nani atasoma penseli? Mimi nadhani shajara nzima imeandikwa kwenye nafasi ile iliyo kati ya pini na penseli. Nguo zinambana, viatu vinambana, sauti inabadilika, moyo unamwenda kwa mvulana wa familia nyingine iliyojificha pamoja nao, na wakati huohuo ndege zinapiga mabomu usiku. Vita haviwezi kuusimamisha mwili usikue. Hilo ndilo jambo linalomfanya msichana wa vitani awe tofauti na askari wa vitani, na hakuna ripoti ya kijeshi itakayotuambia.

Mfano mwingine ni wa kalamu. Mwezi Novemba 1943 Anne anaandika maombolezo ya kalamu yake ya wino, zawadi ya bibi yake. Ilichanganyika na takataka za maharage yaliyokuwa yanachambuliwa mezani, ikatupwa jikoni motoni, ikateketea. Anaiandikia tanzia kamili, tangu kuzaliwa hadi kuzikwa, kwa mzaha wa uso mkavu. Mtu anayesaka ushahidi ataruka ukurasa huu kwa sababu kalamu si mtu. Lakini jiulizeni: kwa nini mtoto ambaye watu wa kabila lake wanachukuliwa mtaani kila siku anaamua kuandika msiba wa kalamu? Kwa sababu huo ni msiba anaoweza kuubeba. Tanzia ya kalamu ni chombo cha kujaribia tanzia nyingine ambazo hathubutu. Katika fasihi simulizi yetu tunalijua jambo hili vizuri. Watani wanachekesha msibani na hakuna anayesema wanapoteza muda.

Mwisho wa Anne tunaujua. Alifia kambi ya Bergen-Belsen mwanzoni mwa mwaka 1945. Kati ya wale wanane alibaki baba peke yake, Otto Frank, na Miep Gies, mmoja wa waliowaficha, alikuwa ameyahifadhi makaratasi akampa. Baba ndiye aliyeandaa kitabu cha 1947. Alichanganya toleo la kwanza na la pili, na mambo kadhaa yakaachwa nje, baadhi yakiwa maneno makali kuhusu mama na mambo ya mwili wa msichana. Simlaumu. Ni baba aliyefiwa, na zama zile zilikuwa na haya zake. Ila tutambue kilichotangulia kukatwa. Makali dhidi ya Wajerumani yaliweza kubaki. Makali dhidi ya mama, na udadisi wa binti kuhusu mwili wake, hayo ndiyo yaliyoonekana hayana kazi. Mpaka mwaka 1986 ndipo lilipotoka toleo la kitaaluma lililoyaweka maandishi yote matatu sambamba, la kwanza, la pili na la baba, ili msomaji aone nani kakata nini. Kuna kukata kwa mwandishi na kuna kukata kwa wengine. Mkato wa kwanza ni sanaa. Wa pili, hata ukifanywa kwa upendo, ni kumnyang'anya mtu kalamu.

Sasa twende kwa Ibtisam Barakat. Huyu alizaliwa karibu na Yerusalemu, akakulia upande wa Ramallah. Vita vya Juni 1967 vilipozuka alikuwa na miaka mitatu na nusu. Katika vita hivyo vya siku sita Israeli iliuteka Ukingo wa Magharibi, na familia yake ikawa miongoni mwa zilizokimbilia Jordan. Baadaye walirudi, wakaishi chini ya utawala wa kijeshi, askari wakifanya mazoezi karibu na nyumba yao. Kitabu kinaanza mwaka 1981: msichana wa sekondari yumo ndani ya basi, basi linasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, abiria wanazuiliwa. Kutoka hapo ndipo kumbukumbu inarudi nyuma hadi utotoni.

Tukio ninalolihesabu kuwa moyo wa kitabu ni la kiatu. Usiku wa kukimbia watu wanatoka mbio, na yule mtoto amebaki anahangaika na kiatu chake. Anapoinua macho wenzake hawapo. Anatoka gizani mguu mmoja na kiatu, mwingine mtupu, akiufuata umati asioujua. Barakat hatupi hapa idadi ya wakimbizi wala majina ya majenerali. Anatupa kamba za kiatu. Na kwa kamba hizo tunaelewa kwamba vita, kwa mtoto, ni kasi: watu wakubwa wamepata kasi ambayo vidole vyake havina. Nimesoma maelezo mengi ya vita vya 1967, yenye ramani na mishale. Hakuna mshale ulionifanya nihisi ubaridi wa ardhi chini ya unyayo mmoja.

Halafu kuna Alef, herufi ya kwanza ya Kiarabu. Mtoto anaijua kabla ya kuanza shule, anaichora kwa chaki, anaifanya rafiki, anazungumza nayo. Na kuna mbuzi mdogo, Zuraiq, anayempenda kama ndugu. Siku ya sherehe ya kaka zake kutahiriwa mbuzi huyo anachinjwa. Tazameni alivyopanga. Maumivu haya hayakuletwa na askari. Yameletwa na nyumbani, na furaha ya wanaume wa nyumbani. Angekuwa shahidi mtiifu angelificha jambo hilo, maana wakili yeyote angemwambia linaharibu kesi. Yeye analiweka wazi kwa sababu ni mwandishi, na mwandishi haandiki kesi. Msichana chini ya uvamizi ana mabwana wawili: yule wa kizuizini mwenye bunduki, na yule wa sebuleni mwenye mila. Kitabu kinachomtaja mmoja tu kimesema nusu.

Nisionekane napaka kila kitu sukari. Kitabu cha Barakat kina udhaifu wake. Mambo mengine ya umri wa miaka mitatu na minne yamenyooka mno, sentensi zimepigwa pasi kiasi kwamba unausikia mkono wa mtu mzima nyuma ya pazia. Alef naye mara nyingine anafafanuliwa kupita kiasi. Msomaji ameshaelewa kwamba herufi ni kimbilio, lakini anaambiwa tena. Hapa Anne anamshinda. Anne hajui mwisho wake, kwa hiyo hawezi kuupamba. Anaweza kuwa mkali leo na kesho akajutia, na majuto hayo yanabaki mbele yetu. Barakat anajua alikofika, na ujuzi huo humfanya wakati mwingine amshike mtoto mkono pale ambapo angemwachia atembee peke yake na kiatu kimoja.

Lakini mko wapi mnaosema hakuna muundo? Angalieni jambo moja linalowaunganisha wawili hawa bila wao kukutana. Wote wamejenga kazi zao juu ya barua. Anne anamwandikia Kitty asiyekuwepo. Ibtisam ana sanduku la posta Ramallah, na kupitia sanduku hilo anaandikiana na marafiki wa kalamu wa nchi za mbali ambao hajawahi kuwaona. Kwa nini barua? Nafikiri jibu liko kwenye hali yenyewe. Uvamizi wa kijeshi kazi yake ya kila siku ni kuzuia mwendo. Kabla ya kujificha Anne alikuwa ameshakatazwa tramu, baiskeli, bwawa la kuogelea, na kuwa nje baada ya saa mbili usiku. Ibtisam anasimamishwa na basi lake. Mtu aliyezuiwa kwenda hutuma. Kwa msichana hali ni nzito zaidi, kwa sababu hata nyumbani anaambiwa usitoke, askari wapo. Na hofu ya wazazi, ambayo ni ya haki kabisa, inageuka kuwa ukuta wa pili. Barua inapita kuta zote mbili. Kwa hiyo mtindo wa barua hapa haukuokotwa. Umezaliwa na maudhui, na sisi tunaofundishwa kila siku kwamba fani na maudhui haviachani tulipaswa kuwa wa kwanza kuuona.

Sasa deni langu.

Mwaka wa kwanza tulipewa zoezi la fasihi simulizi: nenda kwa mzee, kusanya simulizi, iandike, ichambue. Nilikwenda kwa bibi yangu mzaa mama, upande wa Missenyi mkoani Kagera, ng'ambo ya mto. Nilitaka habari za vita. Historia yake inajulikana: tarehe 30 Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka, tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya Mto Kagera ni ya Uganda, tarehe 3 Novemba daraja la Kyaka likavunjwa. Nyumba zilichomwa, ng'ombe wakaswagwa, watu wakauawa, wanawake na wasichana wakachukuliwa. Baadaye jeshi letu liliirudisha ardhi hiyo, na Aprili 1979 likaingia Kampala. Bibi wakati huo alikuwa na miaka 15.

Nikamsalimia, nikakaa, nikawasha simu inirekodi. "Bibi, nisimulie vita." Naye kwa utani wake wa siku zote akaanza, "Haya mume wangu, sikiliza basi. Mimi siku ile nilikuwa nasukwa."

Alikuwa anasukwa na dada yake chini ya mgomba. Kulikuwa na harusi ya jirani, na msuko ulikuwa wa harusi, si ule wa haraka haraka. Upande wa kulia ulikuwa umekwisha, wa kushoto bado nywele zimesimama. Mlio ukapiga, kisha mwingine, watu wakaanza kupita na magodoro. Wakaondoka hivyo hivyo. Alivuka daraja la Kyaka nusu ya kichwa imesukwa, nusu haijasukwa, na chanuo la mti limechomekwa kichwani, limesahaulika. Katika safari yote hiyo, akasema, njaa aliivumilia, miguu aliivumilia, ila hakuna kilichomtesa kama aibu ya kile kichwa. Vijana walikuwa wanapita. Alijifunga kanga ya mama yake, kisha mama akaihitaji ya kumbebea mtoto, kichwa kikabaki wazi. Walipofika Bukoba kwa ndugu, mama mmoja akamfumua, akamsuka twende kilioni kwa sababu ndiyo inayokwenda upesi. "Nikalia sana," akasema. "Sikulilia nyumba. Nyumba nilikuwa sijajua kama imeungua. Nililia ule upande wa kulia." Kisha akacheka, nami nikacheka kumfuata.

Nikaja chuoni nikaandika zoezi. Nikaweka tarehe. Nikaweka daraja, magodoro, ng'ombe, siku walizotembea. Habari ya nywele nikaitoa yote. Niliiona ni mambo ya kike, ni maelezo ya pembeni, hayaendani na uzito wa mada. Katika uchambuzi nikaandika kwamba msimulizi "anatoka nje ya mada mara kwa mara kutokana na umri". Nilipata alama nzuri.

Basi ndiyo maana sikusema kitu siku ile kwenye semina. Nilikuwa nimeshafanya kwa mikono yangu kile ambacho mwenzetu alikuwa anakitetea kwa mdomo. Nilimfanya bibi yangu shahidi, na shahidi akizidisha maneno tukamkatiza. Ilinichukua mpaka nilipofika kwenye kiatu cha Barakat ndipo nikakumbuka chanuo. Nikatafuta ule mkanda kwenye simu, nikausikiliza upya usiku, na kwa mara ya kwanza nikasikia ulivyopangwa. Anaanza na msuko wa harusi, anamalizia na twende kilioni. Kati ya misuko miwili hiyo kuna vita vizima. Hakuipanga kwa bahati. Nimewauliza mama na wajomba, wote wanasema huisimulia hivyo hivyo, miaka yote, na sehemu ya kanga hawezi kuiruka. Ile ni kazi iliyosanifiwa, imerudiwa na kunolewa kama Anne alivyonoa karatasi zake, ila karatasi ya bibi ni sisi tunaosikiliza. Ile ilikuwa barua yake. Ilinifikia mimi, nami nikaichana nusu.

Kuna pingamizi moja ambalo lazima nilijibu, kwa sababu ni la maana. Mhadhiri wetu mmoja, nilipomweleza wazo hili, aliniuliza: ukishasema kwamba msichana anapanga, anakata, anasanifu, huoni unawapa silaha wanaotaka kusema anadanganya? Swali ni zito, na limewahi kutokea. Wako waliodai kwamba shajara ya Anne Frank ni ya kughushi, na wakashikilia hizo hizo tofauti za matoleo kama hoja yao. Lakini walijibiwa vipi? Hawakujibiwa kwa kuficha kwamba Anne alisahihisha. Maabara ya serikali ya Uholanzi ilichunguza karatasi, wino na mwandiko, matokeo yakachapishwa ndani ya lile toleo la 1986, na masahihisho yote yakawekwa hadharani. Kuonyesha kazi ya mwandishi ndiko kulikolinda ukweli wa shahidi. Bibi yangu naye, kwa kuchagua kichwa chake badala ya nyumba iliyoungua, hakunidanganya. Alinipa kipimo kingine cha ukweli huo huo, kama ile mistari ya penseli ubavuni mwa ramani.

Na hapa niseme jambo kuhusu fasihi yetu wenyewe. Vita vya Kagera viliandikwa mapema. Mwaka 1980 kilitoka Kuzama kwa Idi Amin cha Baldwin Mzirai. Mwaka 1981 ukatoka Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada wa Henry Muhanika. Ni kazi zenye nafasi yake na nawaheshimu waandishi wake. Lakini someni majina ya vitabu hivyo: vyote viwili vinamtaja Amin. Mvamizi ana jina, tena kwenye jalada. Wasichana waliovuka daraja wanasubiri, na sasa wana miaka 60 na kitu. Kila mwaka wanapungua, na sisi wa Fasihi tunatumwa kwao na madodoso ya Historia.

Napendekeza basi kwamba tukikutana na kazi ya namna hii, iwe kitabu au simulizi ya jamvini, tusianze na "ilitokea nini". Tuulize kwanza: amechagua kuanza wapi, na kwa nini hapo? Tuulize anamwambia nani. Na tuulize ni nani aliyekata kabla yetu, na sisi tunakata nini. Maswali hayo matatu ni ya uhakiki hasa, hayahitaji nadharia ya kigeni, na yangeniokoa mimi mwaka wa kwanza.

Likizo iliyopita nilirudi Missenyi. Nilimwambia bibi kwamba nilikuwa nimeiacha habari ya nywele. Hakukasirika. Aliniangalia kidogo, akasema, "Sasa mume wangu, uliwaelezaje kwamba nilikuwa msichana?"

Sikuwa na jibu. Zoezi nimeliandika upya lote, ingawa alama hazibadiliki, na nakala nimemwachia mwenzangu yule hodari wa kusema ailete na yeye hoja yake katika toleo lijalo. Uwanja ni wake.